Neno la Gaudiosa kwa Fundi Mtaliano

Mara tatu Bartholomeo alimwambia mama yake kwamba asante yake imefika, na mara tatu mama yake alikataa kuamini.

"Imefikaje?" Gaudiosa aliuliza kwenye simu. Alikuwa Bukoba, nyuma ya nyumba yake, anamenya ndizi. Bartholomeo alisikia maganda yakidondoka kwenye beseni. "Nani aliipeleka?"

"Mimi, Mama. Nilimwambia Mzee Delio kwamba umeshukuru sana."

"Kwa lugha gani?"

"Kichina."

"Kichina! Mimi Mhaya, yeye Mtaliano, halafu shukrani yangu inamfikia kwa Kichina. Huo ni mzigo uliopita bandari tatu, mwanangu. Ukifunguliwa huko, ndani kumebaki nini?"

Bartholomeo alicheka, lakini mama yake hakucheka naye.

"Anaondoka lini huyo mzee?"

"Jumapili asubuhi. Amestaafu, harudi tena."

Maganda yaliacha kudondoka. "Leo ni Jumatatu," Gaudiosa alisema. "Basi una siku tano za kunifundisha Kitaliano. Si Kitaliano chote. Nifundishe cha kushukuru, tena kile wanachomwambia mtu mzima."

Bartholomeo alikuwa mwaka wa mwisho chuoni Guangzhou, akisomea uhandisi wa vifaa kwa ufadhili. Mwaka uliopita alikuwa amepelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye chumba kimoja cha kutengenezea sampuli za viatu, ghorofa ya nne, nyuma ya masoko ya jumla ya Liuhua. Humo ndimo alimokutana na Delio Brusegan, mzee wa miaka sabini na minne kutoka kaskazini mwa Italia. Wachina walimwita shifu, yaani fundi mkuu. Kazi yake ilikuwa kuchonga kalibu, ile miguu ya mbao ambayo ngozi huvishwa mpaka ishike umbo la kiatu.

Delio hakuwa mtu wa maneno. Yeye na Bartholomeo walielewana kwa Kichina cha kuungaunga na kwa vidole. Siku moja alimwona kijana ameganda mbele ya rafu, anaitazama kalibu ya mteja mmoja ambayo chini yake ilikuwa imeongezewa ubao mnene.

"Una mtu?" Delio aliuliza.

"Mama yangu. Mguu wa kulia. Sentimita nne na nusu."

Gaudiosa aliugua polio akiwa na miaka sita. Tangu hapo mguu wa kulia ulikua nyuma ya mwenzake. Kwa miaka mingi alikuwa akivaa katambuga, ndala za matairi, na ile ya kulia fundi wa sokoni alikuwa ameipigilia tabaka tatu za tairi ili nyonga isishuke. Zilikuwa nzito, na bado alihitaji mkongojo.

Delio hakuuliza zaidi. Aliagiza vitu vinne: miguu yote miwili ichorwe kwenye karatasi, vipimo vya mzunguko vichukuliwe kwa kamba na kufungwa mafundo, picha zipigwe kutoka mbele na nyuma, na katambuga moja kuukuu iletwe. Vyote vililetwa na mwanafunzi aliyekuwa akirudi kutoka likizo. Kwa Jumamosi nane, kazi za tajiri zilipokwisha, mzee alibaki na Bartholomeo, akamwonyesha namna ya kuficha kimo ndani ya kiatu ili mtu akitazama aone viatu viwili vya mama wa heshima, vyeusi, vya kufunga kamba, vinavyofanana. Alipoulizwa malipo alitikisa kichwa na kuwasha mashine ya kupigia msasa, na ukianza ule mlio hakuna mazungumzo tena.

Viatu viliondoka Guangzhou mwezi wa pili. Sasa ulikuwa mwezi wa tano.

Kwa nini Gaudiosa aling'ang'ania jambo hili, Bartholomeo alilijua tangu utotoni. Mama yake alipokuwa mgonjwa, sista mmoja wa kizungu alikuwa akimbeba mgongoni kila wiki kumpeleka hospitali ya misheni, mwendo wa saa nzima, mpaka mtoto akaweza kusimama. Halafu siku moja wakaambiwa sista amerudi kwao. Gaudiosa alikuwa hajamwambia neno. Alikuwa mtoto, wakubwa walishukuru kwa niaba yake, na wote wakaona yamekwisha. Yeye hayajamwishia. Hata sasa akipita pale misheni hupunguza mwendo.

Kwa hiyo Bartholomeo alivaa viatu vyake akaenda Zhanqian, mtaa wa maduka ya nguo, kumtafuta Sammy Katana.

Sammy alikuwa mfanyabiashara kutoka Malindi, mnunuzi wa nguo. Alimkuta kwenye ofisi ya mizigo, amekaa juu ya robota la suruali za jinzi, analikaza kwa utepe wa plastiki huku goti limelikandamiza. Kabla ya biashara, Sammy alikuwa mhudumu kwenye hoteli za Wataliano kule Malindi miaka sita, na Kitaliano kilimtoka kama maji.

"Shukrani? Hiyo ni kazi ndogo, Batho," alisema. "Mwambie Mama aseme, *Ciao, amico! Grazie mille! Sei grande!* Mzee atacheka mpaka meno yadondoke."

"Maana yake?"

"Mambo, rafiki! Asante mara elfu! Wewe ni noma!"

Bartholomeo aliwaza mama yake, mjumbe wa baraza la kanisa, akimwambia mzee wa miaka sabini na minne kwamba ni noma. Hata hivyo hakumkatalia Sammy papo hapo. Alirekodi na kumtumia mama yake kwa WeChat, aliyomwekea kwenye simu kabla ya kuondoka, pamoja na maana yake.

Jibu lilikuja kabla Sammy hajamaliza robota.

"Bartholomeo, msalimie huyo Mkenya. Mwambie namshukuru. Mwambie pia kwamba mimi siendi ufukweni. Anipe maneno ambayo yeye mwenyewe angemwambia baba mkwe wake."

Sammy aliposikia, aliachia utepe. "Lo! Mama amenishika pabaya." Alijifuta jasho na kukaa vizuri. Kwa mara ya kwanza Bartholomeo alimwona Sammy akitafuta neno. "Sikiza. Kulikuwa na bibi mmoja pale hotelini, mjane, kila Januari anakuja. Siku ya kwanza nilimpelekea kahawa nikamwambia *ciao*. Hakuinywa. Hakusema kitu, bro, aliiangalia tu mpaka ikapoa. Siku ya tatu akaniita, akanifundisha. Akaniambia: Sammy, simama wima. Tuliza mikono. Mwite mtu kwa jina lake na heshima yake. Halafu umwombe ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kumshukuru. *Mi permetta di ringraziarla.* Niruhusu nikushukuru. Halafu unataja kile kitu alichokufanyia. Sio kila kitu, kile chenyewe. Ukishakitaja, unanyamaza. Yule bibi alisisitiza hapo pa kunyamaza."

Wakakaa juu ya robota wakaitunga sentensi kama watu wanaotunga barua ya posa. Sammy alifuta neno, akarudisha, akafuta. Mwishowe yakabaki haya: *Signor Delio, mi permetta di ringraziarla. Le sono riconoscente per il lavoro delle sue mani.* Bwana Delio, niruhusu nikushukuru. Nina shukrani kwako kwa kazi ya mikono yako.

Usiku huo huo, Bukoba ikiwa bado jioni, Gaudiosa alipiga mwenyewe.

"Hapo sasa!" alisema. "Kumbe nao wanabisha hodi kwanza! Mbona hukuniambia kwamba ni watu? Lakini maneno ni machache mno. Salamu ziko wapi? Nimeulizia watoto wake? Nimemtaja Mungu?"

Sammy, ambaye Bartholomeo alimwunganisha kwenye simu, aliingilia. "Shikamoo, Mama. Ni mimi Sammy. Mama, Mtaliano ukimzungusha sana ataanza kushangaa unataka kumwomba nini."

"Marahaba, mwanangu. Basi huyo Mtaliano hajawahi kushukuriwa sawasawa. Sisi mtu akikutendea jema unamshukuru leo, unamshukuru kesho ukikutana naye kisimani, unamshukuru tena mwaka ukiisha."

"Wao mara moja, Mama. Lakini ile moja wanaipiga pasi."

Gaudiosa alifikiri. "Haya," alisema. "Ni shukrani yake, tuifuate njia ya kwao. Lakini nitapiga magoti. Maneno yawe yao, magoti ni yangu."

Bartholomeo alimfundisha kwa utaratibu, kama alivyojifunza mwenyewe Kichina. Aliikata sentensi vipande vitatu. Jumanne kipande cha kwanza, Jumatano cha pili juu ya cha kwanza, na kila kipande alikirekodi mara tatu, polepole, wastani, na kwa kasi ya mtu anayeongea. Gaudiosa aliandika kwenye daftari jinsi alivyosikia, akalibandika ukutani jikoni. Alirudia akimenya ndizi, akipepeta maharage, akifungua kuku asubuhi. Shemeji yake Adventina, aliyekaa nyumba ya pili, aliuliza kama ni sala mpya. Kufikia Alhamisi Adventina naye alikuwa anaijua.

"Jana nimeisema usingizini," Gaudiosa alitangaza Ijumaa. "Adventina asikudanganye, hakuwepo, nimejisikia mwenyewe."

Kazi ngumu ilikuwa kwa Delio. Bartholomeo alimkuta anafunga vifaa vyake kwenye maboksi. Alieleza kwamba mama anaomba dakika tano.

"Kwa nini?"

"Akushukuru."

"Ulishaniambia. Alishukuru." Delio alichukua patasi, akaifunga kwenye kitambaa. "Nilifanya kazi. Kazi imekwisha."

"Yeye hajamaliza," Bartholomeo alisema.

Pengine mzee alitaka kuwasha mashine ya msasa, lakini mashine ilikuwa ya tajiri na tayari ilikuwa imefunikwa turubai. "Jumamosi," alisema. "Saa nane. Dakika tano, Bartolo."

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha Guangzhou tangu asubuhi, na chumba cha sampuli kilinuka gundi na ngozi yenye unyevu. Maboksi manne yalikuwa ukutani. Delio alikuwa anafunga la nne kwa utepe. Bartholomeo aliegemeza simu kwenye kalibu mbili juu ya meza, akapiga. Bukoba ilikuwa saa tatu.

Uso wa mama yake ulijaa kioo chote. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba chake. Nyuma yake ukuta wa sebule, picha ya Moyo Mtakatifu, kalenda ya parokia.

"Yupo?" alinong'ona.

"Yupo, Mama. Anakuona."

Gaudiosa alimtazama yule mzee aliyeshika utepe wa gundi. Hakutazama daftari.

"*Signor Delio*," alisema, "*mi permetta di ringraziarla.*"

Delio aliweka utepe mezani. Alivua miwani, akaivaa tena, akasimama wima kama mtu aliyeitwa kwa jina mahakamani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba atasemeshwa kwa lugha yake. Kwa miaka kumi na moja ya Guangzhou watu walikuwa wamemsemesha kwa Kichina, kwa Kiingereza na kwa kunyooshea kidole.

"*Prego, signora*," alisema. Karibu.

"*Le sono riconoscente*," Gaudiosa aliendelea, "*per il lavoro delle sue mani.*"

Halafu akanyamaza, kama alivyofundishwa. Bartholomeo alijua ukimya ule ulimgharimu mama yake kuliko maneno. Nyuma ya ukimya ule walikuwepo watoto wa Delio, wajukuu, afya, Mungu na Bikira Maria, wote wamesubirishwa mlangoni.

Delio alifumba macho kidogo. "*Si figuri, signora*," alisema, jibu la adabu ambalo Wataliano humpa mtu wa heshima, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

Ingekuwa imekwisha hapo. Bartholomeo alikuwa tayari anajisikia mwepesi. Lakini Adventina, aliyekuwa ameshika simu upande wa Bukoba, alitaka shemeji yake aonekane vizuri kama alivyopendeza, akarudi nyuma hatua tatu. Kioo kikamwonyesha Gaudiosa mzima: amepiga magoti juu ya mkeka, mikono mapajani, na nyuma yake, nyayo mbili zimegeukia juu. Alikuwa peku.

Delio alisogea karibu. "Bartolo. Viatu viko wapi?"

Bartholomeo aliuliza. Gaudiosa alichangamka, kama mwenyeji aliyeulizwa kuhusu jambo analojivunia, akamwelekeza Adventina chumbani. Adventina aliweka simu juu ya kochi, wakaiona dari kwa muda, halafu akarudi na furushi lililofungwa kwa foronya nyeupe. Ndani ya foronya kulikuwa na gazeti, ndani ya gazeti viatu, na ndani ya kila kiatu gazeti jingine. Viling'aa.

"Mwambie avigeuze," Delio alisema. "Nione chini."

Gaudiosa alivigeuza. Soli zilikuwa safi kama siku vilipotoka mezani. Chini ya kisigino cha kulia namba ambayo Delio aliiandika kwa penseli mwezi wa pili ilisomeka yote.

Mzee aliketi juu ya boksi. Bartholomeo aliona uso wake ukifunga, polepole, kama duka linaloteremshwa mlango.

"Uliniambia anavivaa," Delio alisema.

"Nilidhani, shifu. Sikuuliza."

"Havimtoshi." Hakusema kwa hasira. "Kiatu kinachotosha hakikai kwenye foronya. Mama yako ni mtu mwenye adabu, amejifunza lugha yangu ili asiniambie kwamba nilikosea."

Bartholomeo aliigeukia simu. "Mama," alisema kwa Kihaya, haraka, "kwa nini hujavivaa? Vinakubana?"

"Vinibane?" Gaudiosa alishangaa. "Nani kasema? Nilivivaa siku vilipofika, juu ya mkeka huu huu. Nilitembea ukuta hadi ukuta, nikalia, nikavifunga. Pasaka nilivibeba kanisani, Padre akavibariki, nikavirudisha."

"Ulikwenda kanisani na nini mguuni?"

"Na katambuga zangu! Unajua masika ya hapa. Nikanyagie tope kazi ya mikono ya mtu? Mtu alikaa Jumamosi nane, halafu mimi nikaingie nayo kwenye zizi la mbuzi? Ndiyo shukrani hiyo?"

Adventina aliunga mkono kutoka nyuma ya simu. "Hata mimi nimekatazwa kuvigusa kabla sijanawa."

Bartholomeo alimgeukia Delio na kutafsiri, neno kwa neno, bila kuficha mbuzi wala tope. Alipofika kwenye kubarikiwa kwa viatu, mdomo wa mzee ulicheza kidogo.

"Kumbe ni heshima," Delio alisema.

"Ndiyo."

Delio alichukua kalibu moja kati ya zile zilizoegemeza simu, na simu ikalala. Bartholomeo akaishika mkononi. "Sikiliza, umwambie vizuri. Mimi sikuwahi kumwona mama yako akitembea. Nilitumia kamba na picha. Fundi anayefanya hivyo anabahatisha. Viatu vikirudi baada ya miezi mitatu, soli inanijibu: hapa umeegemea sana, hapa hujagusa, hapa umepatia. Nimeondoka kwa watu wengi bila jibu, hilo nimezoea. Kwa huyu nilitaka jibu. Kila Jumamosi nimekuwa nikijiuliza kama nilimwumiza mtu nyonga."

Bartholomeo alisema yote kwa Kihaya, na safari hii hakukatizwa. Upande wa pili Gaudiosa alikuwa bado amepiga magoti, kiatu kimoja katika kila mkono. Alikitazama cha kulia kwa muda mrefu.

"Miezi mitatu," alisema hatimaye. "Nimemkalisha mtu na wasiwasi miezi mitatu, huku nadhani namheshimu." Akavuta pumzi. "Adventina, nishike mkono ninyanyuke. Hapana, acha mkongojo hapo ulipo."

Alivaa ameketi kwenye kochi, akafunga kamba kwa mafundo mawili mawili. Alisimama. Bartholomeo alikuwa amemwona mama yake amesimama maisha yake yote, lakini bega la kulia lilikuwa siku zote chini ya la kushoto, na sasa yalikuwa sawa, na kwa sababu hiyo alionekana mrefu, na kidogo kama mtu mwingine.

"Aende wapi?" Bartholomeo alimuuliza mzee.

"Mbali," Delio alisema. "Nje. Kwenye tope."

Gaudiosa alitoka sebuleni, akateremka ngazi mbili za mlangoni, akaingia kibanjani kati ya migomba. Adventina alikimbia mbele yake akirudi kinyumenyume na simu, akipiga kelele kila alipogonga mgomba. Mvua ilikuwa imeacha matone kwenye majani. Tope jekundu lilipanda ukingoni mwa soli, kisha juu ya ngozi nyeusi, na Gaudiosa alitoa sauti kama mtu aliyechomwa sindano, lakini hakusimama.

"Polepole," Delio alisema, pua yake karibu iguse kioo. "Arudi sasa. Tena. Mwambie yule anayeshika ashushe simu, sitaki uso, nataka miguu."

Zile dakika tano zilikwisha zamani. Gaudiosa alikwenda na kurudi mara sita. Mara ya saba Delio aliinua kidole.

"Hapo. Umeona, Bartolo?"

Bartholomeo hakuona.

"Kisigino cha kulia kinatua kwa nje. Nusu sentimita, labda pungufu. Kwenye picha alikuwa amesimama, na mtu akisimama hasemi ukweli wote." Uso wake ulikuwa umefunguka. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa kitu. "Mguu nimeupata. Nyonga nimeipata. Kisigino nimekosea, na kinarekebishika."

"Anasemaje?" Gaudiosa aliuliza, akihema, mkono kiunoni.

"Anasema amekosea kisigino kidogo."

"Mwambie si kitu! Mwambie ni vizuri mno!"

"Mama, anafurahi."

Gaudiosa alimtazama mzee kwenye kioo aone kama ni kweli. Delio alikuwa amesimama tena. Alifunga kifungo cha juu cha shati lake, akatuliza mikono.

"*Signora Gaudiosa*," alisema, "*sono io che ringrazio lei.*"

Bartholomeo alifungua mdomo atafsiri: mimi ndiye ninayekushukuru wewe. Mama yake alimwinulia kiganja.

"Acha," alisema. "Hiyo imenifikia." Na kwa kuwa Mtaliano alikuwa amekwisha kupata njia ya kwao, sasa akamshukuru kwa njia ya kwake. Alisema *wakola*, asante ya Kihaya, akasema tena, akaulizia watoto, wajukuu, miguu yake mwenyewe huyo mzee kama haimsumbui kwa kusimama siku nzima, akamtaja Mungu na watakatifu watatu, akamkaribisha Bukoba ale ndizi. Delio hakuelewa hata neno moja, na aliitikia yote kwa kichwa, bila kutazama saa.

Kisha alikata utepe wa boksi la nne. Alitoa kisu, jiwe la kunolea na kipande cha mpira mgumu. Alimweleza Bartholomeo: watakata kabari nyembamba sasa hivi, leo, Sammy au yeyote anayesafiri ataibeba, na fundi wa sokoni Bukoba ataibandika upande wa nje. Kama fundi huyo aliweza kupigilia tabaka tatu za tairi zikadumu miaka, basi ni fundi. Alimpa Bartholomeo kisu.

"Wewe kata. Mimi kesho sipo."

Bartholomeo alikata, akaharibu, akapewa kipande kingine. Simu ilikuwa mezani. Hakuna aliyekuwa ameikata. Kwa Gaudiosa kuagana na mgeni ni jambo la kusindikiza, na mgeni alikuwa bado hajaondoka. Aliiweka simu kwenye ukingo wa baraza na kuendelea na shughuli zake. Walimsikia akimtuma Adventina maji, akimfokea mbuzi. Walisikia viatu kwenye sakafu ya saruji ya baraza, hatua, hatua, moja nzito kidogo kuliko nyingine. Halafu vikashuka kwenye udongo na havikusikika tena.

Delio alimshika Bartholomeo mkono ili kisu kisimame. Aliinamisha kichwa kuelekea kwenye simu na kungoja. Kupitia dirishani mlio wa malori ya Liuhua uliingia, na wa mvua. Kisha hatua zikarudi kwenye saruji, zikapita baraza lote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusita, zikikaribia kulingana, na mzee akaachia mkono.

"Nyembamba zaidi," alisema. "Kata nyembamba zaidi."